Macbeth alitaka kiti, au alitaka kiti kisimtoke?

Kila nikikuta watu wanamjadili Macbeth, yule jemadari wa Scotland kwenye tamthilia ya Shakespeare, mjadala unaishia palepale, mkewe ndo kamponza. Wengine wanasema hapana ni wale wachawi watatu, wasingemtokea pale nyikani angerudi zake nyumbani akaoga akalala. Mi nilikuwa upande wa wanaomlaumu mke kwa muda mrefu tu, siku hizi nimehama, ingawa sijabeba mizigo yote.

Kwa asiyeijua stori: Macbeth anatoka vitani kashinda, wachawi wanamwambia atakuwa liwali wa Cawdor halafu mfalme, mwenzake Banquo anaambiwa we hutatawala ila utazaa wafalme. Hata hawajafika mbali mjumbe anakuja na habari kwamba uliwali wa Cawdor kapewa kweli. Mfalme Duncan anakuja kulala kwa Macbeth, mtu na mkewe wanamuua usiku, Macbeth anakalia kiti na kuanzia hapo ni kuua tu mpaka naye kichwa kinaondoka.

Sasa wanaomtetea wana hoja na sio za kupuuza. Scotland ya karne ya 11 kiti hakikuwa cha mtoto wa mfalme moja kwa moja, walikuwa wanachaguana ndani ya ukoo wa kifalme, mwanaume mtu mzima anayeweza kazi. Halafu tazama anachofanya Duncan, vita ndo kwanza imeisha, Macbeth ndo kaokoa nchi, mzee anasimama mbele ya watu wote anamtangaza mwanawe Malcolm kuwa mrithi, Malcolm huyohuyo ambaye vitani nusura atekwe ikabidi askari mmoja ampiganie. Na akishamaliza kutangaza anamgeukia Macbeth, haya twende kwako Inverness tukalale. Kwa kweli hapo hata mtu mpole angemeza mate.

Na kuna Macbeth wa kwenye historia. Huyo alitawala kuanzia 1040 mpaka 1057, miaka 17, Duncan wake alikufa vitani sio kitandani wala hakuwa mzee, na mwaka 1050 huyu bwana alikwenda hija Roma akagawa pesa kwa maskini. Mfalme anayeogopa kivuli chake haachi kiti akaenda Roma! Hata Holinshed, mwanahistoria ambaye Shakespeare alichota kwake, anasema Macbeth alitawala vizuri miaka kumi kabla hajaharibika, na kwenye kitabu hichohicho Banquo yumo kwenye njama ya kumuua Duncan. Shakespeare kafuta yote mawili. Tamthilia ni ya 1606 hivi, aliyekuwa kwenye kiti Uingereza wakati huo ni James wa Kwanza, mtu wa Scotland ambaye ukoo wake ulijihesabu ni uzao wa Banquo, na mwaka mmoja nyuma, 1605, kuna watu walitaka kumlipua yeye na bunge lake, kwa hiyo unaona mwenyewe nani asingeweza kuandikwa muuaji. Nasema hivi kwa sababu ile hoja maarufu kwamba "mbona Banquo alisikia unabii uleule na hakuua mtu" nilikuwa naitumia sana, sasa naona mizani ilishachezewa kabla hatujaanza kupima.

Ila anayehukumiwa ni Macbeth wa jukwaani, na huyo tatizo lake ni kwamba kajihukumu mwenyewe mapema. Usiku ule kabla ya kuua anakaa pembeni anajihesabia, huyu ni ndugu yangu, ni mfalme wangu, ni mgeni wangu, mi ndo natakiwa nifunge mlango muuaji asiingie, halafu anakiri hana kinachomsukuma isipokuwa tamaa. Anamwambia mkewe basi tuache. Ndipo mama anamjia juu, we mwanaume gani, na jamaa analainika. Hapo walaumu mke wana pointi kubwa, japo wengi wanaruka alichosema huyo mama kwenye ugomvi huohuo, kwamba wazo hili ulinileta wewe, nani alikutuma uniambie?

Akishaua ndo unamwona alivyo kwa karibu. Anatoka chumbani na majambia mawili mkononi ambayo alitakiwa ayaache kwa walinzi, na kinachomsumbua kupita damu na kelele ni neno moja. Kuna watu wawili walishtuka usingizini, mmoja akasema Mungu atubariki, yeye akataka kuitikia Amina ikamkwama kooni. Anarudia mara mbili tatu, kwa nini nilishindwa kusema Amina. Mkewe anamwambia rudisha majambia, hataki, harudi mle ndani kabisa, mama anayachukua anayapeleka mwenyewe. Kama tamthilia ingeishia hapo ningebaki na wale wa kusema kaponzwa.

Lakini haiishii hapo. Ya kumuua Banquo nani kamtuma? Wachawi walishamaliza yao, kiti kakipata, mke katulia. Yeye mwenyewe anatafuta watu, anawakalisha, anawajaza maneno kwamba shida zenu zote kaleta Banquo, na wakisema sisi ni wanaume anawajibu ndiyo kwenye orodha mmeandikwa wanaume. Yaani ni mchokoo uleule mkewe aliomchokoa nao! Kauchukua kaenda kuwachokoa wengine. Mkewe akiuliza unapanga nini anaambiwa we kaa bila kujua mpenzi, utashangilia kikishafanyika. Kwangu kesi ya mke inafungwa kwenye sentensi hiyo.

Na anaua kwa ajili gani, hana hata mtoto. Analalamika kwamba kavaa taji lisilozaa, kampakia Banquo na wanawe faida yote. Unabii alioupenda aliukubali kama ulivyo, ule asioupenda anautumia watu wenye visu wakauzuie, na mtoto wa Banquo anawaponyoka palepale gizani.

Kuna watakaosema hiyo sio tamaa tena ni hofu, jamaa halali usingizi. Nakubali nusu. Hofu ipo, ila imetoka wapi? Ukiondoa mkewe, ni yeye peke yake Scotland nzima anayejua kwa mkono wake jinsi ilivyo rahisi mfalme mwenye walinzi mlangoni kufia kitandani, sasa mtu kama huyo atalalaje? Baada ya ile karamu ambayo anakuta kiti chake kimekaliwa na mzimu wa Banquo, anasema nimeingia kwenye damu mpaka hapa, kurudi na kuendelea ni taabu ileile. Sisi tunasema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, lakini yale ni maji, tena yako, huyu anaoga ya watu.

Kwa mke wa Macduff, liwali mwingine wa Scotland aliyekataa kuwa upande wa Macbeth, ndo sina neno la kumtetea. Macduff mwenyewe kashakimbilia Uingereza, kwenye ile ngome kabaki mama na watoto, kuna kadogo kanabishana na mamake kwa utani kuhusu wasaliti, halafu wauaji waliotumwa na Macbeth wanaingia. Kiti hakikuongezeka uimara hata kidogo.

Mwisho kule ngomeni Dunsinane anakuja kuhesabu vitu ambavyo mzee alipaswa kuwa navyo, heshima, upendo, marafiki, anaona hana hata kimoja. Kidogo kidogo anasikia vilio vya wanawake, mkewe kafa, na jibu lake ni kwamba alipaswa afe baadaye. Huyo ndo mwanamke tunayemtwisha kila kitu, ambaye alikuwa anatembea usingizini na mshumaa, anasugua mikono isiyotakata, na waliosimama kumsikiliza ni daktari na mtumishi mmoja wa kike.