Jumuiya ya 1967 Haikuuawa na Itikadi

Hapa Nairobi, kila mazungumzo kuhusu Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki huishia pale pale: Kenya ilikuwa ya kibepari, Tanzania ya kijamaa, Wakenya wakaitwa manyang'au, na mwaka 1977 kila mtu akashika njia yake. Maelezo hayo yanapendwa kwa sababu hayamlaumu yeyote. Mimi siyakubali, na sababu yangu iko kaskazini, si kusini.

Mwaka 1963 Kenya iliafikiana na Ethiopia kusaidiana kiulinzi, kwa kuwa zote mbili zilihofia madai ya Somalia juu ya ardhi zao. Mwaka 1974 Mfalme Haile Selassie alipinduliwa, na wanajeshi walioshika Addis Ababa wakajitangaza kuwa wafuasi wa Marx na Lenin, wakaenda mbali kuliko Mwalimu Nyerere alivyowahi kwenda kwa Azimio la Arusha. Nairobi haikutikisika. Mwaka 1979 Rais Moi na Mengistu Haile Mariam, kiongozi wa wanajeshi hao, walitia saini mkataba wa urafiki, wakati huo huo mpaka wetu na Tanzania, nchi tuliyoshirikiana nayo reli, posta na shirika la ndege, ukiwa umefungwa. Kama itikadi ndiyo muuaji, basi ilikuwa na upendeleo wa ajabu.

Mkataba wa Jumuiya uliosainiwa Kampala Juni 1967 uligawa mambo kwa uangalifu mkubwa: makao makuu Arusha, reli Nairobi, bandari Dar es Salaam, posta na Benki ya Maendeleo Kampala. Benki hiyo ilielekezwa kuwekeza asilimia 38.75 ya fedha zake Tanzania, kiasi hicho hicho Uganda, na 22.5 tu Kenya, ili pengo la viwanda lipungue. Kuhusu ulinzi wa pamoja, hata hivyo, haukuunda chombo chochote, ingawa funzo lilikuwa bado bichi. Januari 1964 askari waliasi Dar es Salaam tarehe 20, Jinja tarehe 23, na Lanet karibu na Nakuru tarehe 24. Serikali tatu jirani zilipatwa na janga moja ndani ya wiki moja, na kila moja ikamwita Mwingereza kivyake. Baadaye Tanganyika ilileta kikosi kutoka Nigeria, ng'ambo ya pili ya bara, maana hapa jirani hapakuwa na wa kumwita.

Ndiyo maana Idi Amin alipompindua Rais Obote wa Uganda mwezi Januari 1971, Jumuiya haikuwa na la kufanya. Nyerere alikataa kuketi naye, na kwa kuwa chombo cha juu kilikuwa marais watatu wenyewe, hakikukutana tena. Ugomvi wa fedha za reli na ndege, ambao wahasibu na mawaziri wangeweza kuumaliza, ukakosa mwamuzi hadi ukaoza. Katika makumbusho ya reli hapa mjini imeegeshwa injini ya mvuke ya reli hiyo ya pamoja, namba 5918, yenye jina la Mount Gelai, mlima ulioko Tanzania. Mirathi ya Jumuiya haikupatiwa mapatano hadi mwaka 1984.

Mkataba wa 1999, ulioifufua Jumuiya, ulijirekebisha kwa kuingiza amani na ulinzi katika ibara za 124 na 125, lakini ibara ya 12 inataka maamuzi ya wakuu wa nchi yafikiwe kwa maafikiano ya wote. Matokeo tumeyaona Kongo. Jeshi la kanda lilipelekwa mashariki mwa nchi hiyo kuanzia Novemba 2022. Kinshasa haikuridhika nalo, ikakataa kuongeza muda wake, likaondoka Desemba 2023 na nafasi yake ikachukuliwa na wanajeshi wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika. Januari 2025 Goma ikaangukia mikononi mwa M23, kundi la waasi ambalo wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanasema linasaidiwa na Rwanda, nayo Rwanda inakanusha. Rwanda na Kongo zote ni wanachama, kwa hiyo hakuna uamuzi mzito unaoweza kupita bila ridhaa ya zote mbili.

Wafanyabiashara wetu hupigia kelele ushuru na foleni za malori mipakani, nao wana haki. Mimi ningeanza na ibara ya 12: katika mambo ya amani, uamuzi upite bila kura ya anayelalamikiwa. Na Kenya ikiipendekeza, iwe tayari kwa siku ambayo anayelalamikiwa atakuwa ni yenyewe.