Teja akikata pumzi, mashine apewe?

Juzi kijiweni Mwanjelwa, hapa Mbeya, jamaa mmoja kasema mashine za kupumulia ni chache na kuanzia Tunduma mpaka Makambako ajali za malori na bodaboda haziishi, sasa teja aliyejidunga mwenyewe akalie mashine miezi miwili ili iweje? Simwiti katili, hesabu yake ina ukweli, kuna mama katoka upasuaji naye anaisubiri hiyohiyo.

Ila tunaongea kama vile kila teja anayekata pumzi kazidisha unga, yaani heroini. Kuna kitu kinaitwa botulizimu ya kidonda. Bakteria wake anakaa kwenye udongo na vumbi, anaingia kwenye unga huko unakochakachuliwa, halafu mtu akikosa mshipa akajidunga chini ya ngozi au kwenye msuli, mle ndani hewa hakuna, bakteria anastawi na kumwaga sumu inayolegeza misuli. Kuchemsha kwenye kijiko hakusaidii, mbegu zake zinahimili maji ya moto, na hata bomba la sindano jipya linaweza kumpitisha (hapa wanaopinga kugawa sindano watashangilia, sawa, ila UKIMWI na homa ya ini je?). California wanaijua miaka mingi kwa heroini yao nyeusi kama lami, Scotland nako iliwalipukia mwishoni mwa 2014 ikaenda mpaka 2015, wagonjwa kama 40.

Sumu inaanzia juu kushuka: kope zinalegea, anaona vitu viwiliviwili, ulimi mzito, kumeza shida, kisha mikono, mwisho kifua. Wewe ukimwona hapo utasema nini? Kalewa huyo, mwacheni alale.

Na hapa ndipo mimi nakwama kila nikiwaza. Aliyezidisha unga fahamu hana, mboni zimebana, akipigwa naloksoni, dawa ya kuzima nguvu ya unga, anazinduka. Huyu wa botulizimu fahamu anazo zote! Kalala kama gogo, kope hawezi kuinua, ila anasikia kila kitu, anamsikia nesi akisema teja mwingine huyu, anasikia ndugu wakibishana nani alipie, na pumzi inazidi kuwa fupi na hana hata namna ya kusema jamani sijalewa. Ukimwinua kope kwa kidole anakuona.

Halafu huyu anapona. Mashine inamshikilia tu wiki au miezi mpaka miisho ya mishipa ya fahamu iote upya. Dawa ya kupinga sumu ipo lakini inakamata ile inayozunguka kwenye damu tu, iliyokwisha kushika mishipa haiing'oi, kwa hiyo akiwahi siku kope zinaanza kulegea anaweza akakaa kwenye mashine muda mfupi sana au asiiguse kabisa. Yaani jamaa yangu wa kijiweni anayezihurumia mashine ndiye angetakiwa awe wa kwanza kutaka mateja waje mapema, sasa watakujaje wakati jipu la pale walipojidunga wanaficha wakiogopa polisi na matusi ya mapokezi?

Pale hospitali ya Rufaa Mbeya kuna kliniki ya methadone, dawa wanayopewa mateja badala ya heroini. Dawa yenyewe ni ya kunywa, sindano hakuna, na wengi wanainywa palepale mbele ya mhudumu siku hadi siku, kwa hiyo kuna mtu anawaangalia usoni kila asubuhi, kope ikilegea ataiona.