Dakika Zilizoahidiwa: Uzito wa Neno la Kocha katika Hoops Dynasty

Hoops Dynasty, mchezo wa mtandaoni wa tovuti ya WhatIfSports, humkabidhi mtumiaji timu ya mpira wa kikapu ya chuo cha Marekani na kumwachia aiendeshe msimu hadi msimu: apange kikosi, agawe muda wa mazoezi na, zaidi ya yote, asajili vijana wanaomaliza sekondari. Wapinzani wake katika usajili huo si kompyuta pekee, bali pia makocha wengine ambao ni watu halisi, nao wanammezea mate kijana yuleyule. Kila kocha ana bajeti yake, na kila safari ya kwenda nyumbani kwa kijana huipunguza. Ahadi peke yake haigusi bajeti hiyo. Kocha anaweza kumwahidi kijana kwamba ataanza mechi katika msimu wake wa kwanza, kwamba atapewa dakika kadhaa uwanjani, au vyote viwili, na neno hilo huongeza mvuto wa timu machoni pa kijana, hasa yule ambaye hamu yake kubwa ni kucheza.

Je, ni haki neno lisilogharimu fedha liwe na nguvu kiasi hicho? Wanaolitetea wanasema kwamba bei yake ipo, ila hulipwa baadaye, tena uwanjani. Mechi ya vyuo vya Marekani huchezwa kwa dakika 40, na kila upande una wachezaji watano, kwa hiyo kocha ana dakika 200 tu za kugawa. Akiwaahidi vijana watatu wapya kuanza na kucheza dakika 20 kila mmoja, amekwisha kutoa dakika 60 na nafasi tatu kati ya tano kabla hajajua kama wanaweza kukaba. Tuseme anaye mlinzi wa mwaka wa tatu, mtupaji hodari wa pointi tatu, aliyevumilia benchi misimu miwili akingoja zamu yake. Sasa atakaa tena, na timu ikipoteza mechi zinazoamuliwa kwa pointi chache kwa sababu hiyo, hadhi ya chuo inashuka na usajili wa mwaka unaofuata unakuwa mgumu zaidi. Kwa hesabu hii, ziara ya nyumbani ni rahisi kuliko ahadi. Watetezi huongeza kwamba ahadi ndiyo njia ya chuo kidogo kushindana na chuo chenye jina, kwa kuwa chenye jina mara nyingi kimejaa wachezaji wazoefu na hakina dakika za kugawa.

Hoja hiyo ya mwisho naiona dhaifu kuliko inavyosikika. Wachezaji wa mwaka wa nne huhitimu katika vyuo vikubwa pia, na nafasi zinapokuwa wazi huko, kocha wa chuo kikubwa hutoa ahadi ileile huku akiwa na jina juu yake, hivyo faida ya mdogo inayeyuka. Tatizo zito zaidi ni ahadi inayovunjwa. Mchezaji aliyenyimwa alichoahidiwa hupungukiwa na bidii na huenda akahama msimu ukiisha, jambo linalofanana na hali ya Marekani yenyewe tangu mwaka 2021, NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo huko, kilipowaruhusu wachezaji wa kikapu kuhama kwa mara ya kwanza bila kukaa nje msimu mzima. Hata hivyo, adhabu hiyo huja wakati kijana amekwisha kusaini, na kocha mpinzani aliyempoteza kwa sababu ya neno hilo lisilo la kweli hafidiwi chochote.

Dawa moja inayoonekana ya wazi ni mchezo ukitazame kikosi kwanza: anayeahidi nafasi ya kuanza ilhali ana wazoefu wanne katika nafasi hiyo asisadikiwe. Ugumu ni kwamba makocha wa kweli huwaweka wazoefu benchi. Timu ya Chuo Kikuu cha Kentucky chini ya kocha John Calipari, iliyotwaa ubingwa wa vyuo wa mwaka 2012, iliwaanzisha katika fainali vijana watatu wa mwaka wa kwanza, Anthony Davis, Michael Kidd-Gilchrist na Marquis Teague, huku Darius Miller, mchezaji wa mwaka wa nne, akiingia kutoka benchi. Kanuni inayopima ahadi kwa idadi ya wazoefu ingeidharau ahadi ya kocha kama huyo.

Kwa maoni yangu, ahadi ibaki na nguvu yake yote, ila mzigo wa kuivunja ubebwe na jina la kocha kuliko bidii ya mchezaji, kiasi kwamba neno lake lipungue uzito kwa vijana wa msimu unaofuata. Kocha aliyewanyima wawili dakika zao mwaka huu angelazimika mwakani kulipia safari nyingi za nyumbani ili kumpata kijana ambaye mwenzake anampata kwa kuahidi tu.