Ssalongo wa Vicheche

Leo nimefungua duka langu la vipuri vya magari Kisekka, hapa Kampala, nikiwa nimevaa soksi mbili ambazo hazijawahi kukutana. Ya kulia ni nyeusi, ya heshima, niliinunua Idi. Ya kushoto ni ya kijana wangu wa darasa la sita, ina mistari miwili ya kijani na inaishia katikati ya ugoko. Mteja wa kwanza alikuja kutafuta bushi za Noah. Alinitazama miguu kabla hajanitazama uso, salamu akaiacha hukohuko, akataja nusu ya bei. Nikauza. Mtu mzima aliyevaa soksi ya darasa la sita hana ubavu wa kushikilia bei.

Soksi yangu najua iliko. Iko nyuma ya kabati la vyombo, kwenye hazina. Jumapili nililisogeza hilo kabati nikakuta soksi saba, hakuna jozi hata moja, rimoti tuliyomfokea mtoto wa jirani mpaka akalia, ufunguo wa geti, kijiko, nusu chapati iliyokauka kama kigae, na kisigino cha kandambili yangu ya kwendea msikitini. Kisigino tu. Kimenyofolewa vizuri, kwa mzunguko, kama kazi ya fundi.

Watuhumiwa, wanyama wawili waitwao feriti, wakati huo walikuwa wamelala. Wao hulala saa kumi na nne kwa siku, nyingine hata kumi na nane. Mimi hulala tano, na hizo ni kama jirani hana mkesha wa maombi na spika zake.

Hawakuja kwa ombi langu. Binti yangu mkubwa alikuwa akitunza nyumba ya wazungu fulani huko Bugolobi. Wakapata uhamisho wa ghafla, wakaondoka na mbwa, wakaacha tundu lenye watoto wawili wa feriti wa wiki kumi, pamoja na maelekezo kurasa nne. "Baba, ni wiki mbili tu." Huu ni mwezi wa tatu. Na kwa kuwa ni wawili, wote madume, binti akawaita Wasswa na Kato, majina ya mapacha. Kesho yake vijana wa steji ya boda wakaanza kuniita Ssalongo, baba wa mapacha. Miaka ishirini na sita ya ndoa, watoto watano waliokuja mmoja mmoja kwa adabu, na cheo nimekipata kwa wanyama.

Ukitaka kumjua feriti, chukua nguchiro, mvute kama mpira, kisha mpunguzie aibu. Usoni ana kinyago cheusi kama cha majambazi wa sinema. Jina lake nalo, wenye kujua wanasema, linatokana na Kilatini cha mwizi mdogo. Yaani Warumi walijua, wakaandika kabisa, na watu wakaendelea kufuga. New Zealand waliwaleta miaka ya 1880 wamalize sungura. Wao wakaona kuna ndege wa huko wasioruka, wakahamia kwa ndege. Sasa huko hata kuwauza ni marufuku. California hairuhusiwi kabisa kuwafuga. Jimbo zima limewakataa, nimekabidhiwa mimi na vyumba vyangu viwili vya kupanga.

Maelekezo yalisema tutumie neno moja la amri, lilelile kila siku. Haya, nyumba yenyewe ina lugha tatu. Binti anawasemesha Kiingereza, msichana wa kazi anawaita "ssebo", yaani bwana kwa Kiganda. Mimi nikaamua Kiswahili, maana hapa Kampala watu wa umri wangu walikisikia kwanza kwenye vizuizi vya barabarani, kutoka kwa askari. Kina uzito wake. Siku ya kwanza nikavuta pumzi nikatoa "Simama!" ya kutoka tumboni. Wasswa akaendelea na safari zake. Aliyesimama ni muuza mkaa aliyekuwa anapita dirishani, mikono juu. Mwaka 2022 serikali ilisema Kiswahili kiwe lazima shuleni. Kwa hawa wawili mtaala haujafika.

Kuuma, wanasema, ni mchezo. Ndugu yake ana ngozi nene ya shingo, haisikii meno, basi yeye anadhani na kidole changu kimeumbwa hivyo. Usimpige, atazidi. Mkamate ngozi ya kisogo, sema "Hapana", mweke rumande ndani ya boksi dakika tatu au tano. Kato amekaa rumande mara nyingi kuliko vijana wote wa steji. Anatoka, ananitazama, anauma kidole kilekile, hata habadilishi. Wasswa siwezi kumsingizia. Siku hizi hulamba kwanza.

Choo ndiyo elimu ya juu. Feriti akizinduka usingizini, ndani ya robo saa lazima aende, na lazima aende pembeni. Anatafuta kona, anageuka, anainua mkia, anaanza kurudi kinyumenyume kama lori la mchanga lisilo na mlio wa tahadhari, mpaka makalio yaguse ukuta. Kwa hiyo beseni la karatasi za magazeti unaliweka kwenye kona aliyoichagua yeye, si unayoitaka wewe, na humo unamwachia kidogo cha jana ili pua imkumbushe. Nimehesabu kona za sebule yangu, ni nne. Kochi likikaa vibaya zinakuwa sita. Mabeseni ninayo matatu, na moja lilikuwa la kufulia. Kila akifaulu anapewa kipande cha yai. Wasswa kaelewa. Kato kaelewa kwamba yai linatolewa pale, basi anapanda, anakaa sekunde mbili kavu, anashuka, ananyoosha shingo.

Tukifika kwenye chakula nitalia. Hawali posho, hawali matooke, tunda wala maziwa hayawafai. Ni nyama na mayai, na tumbo lao linamaliza kazi kwa saa tatu au nne, wanadai tena. Juzi amechinjwa kuku. Nikakaa mkao wa baba mwenye nyumba, nikasubiri firigisi yangu. Sahani ikaja na shingo na paja. Nikauliza firigisi iko wapi. Msichana wa kazi akaangalia chini: "Mzee, daktari alisema ni nzuri kwa meno yao." Meno yao! Jino langu la nyuma lina shimo tangu Ramadhani iliyopita, hakuna aliyemuuliza daktari yeyote! Naamka saa kumi na moja alfajiri, nabanwa kwenye taksi na gunia la mtu magotini, nakula vumbi mpaka jioni, narudi nakuta feni moja tuliyo nayo imeelekezwa tundu kwa sababu joto likipita nyuzi 27 wao wanaweza kuzimia. Umeme ukikatika wanawekewa chupa ya barafu iliyofungwa taulo. Mimi nikizimia mtanifungia nini?

Naam. Tuendelee.

Hayo yote ni madogo. Kubwa ni la mwenyekiti.

Mama watoto alikuwa Bombo matangani, wiki ya pili. Nikampigia simu shemeji yangu wa Mombasa nikiwa steji, maana nyumbani mtandao unashika ukipanda juu ya tangi tu. Shemeji hasikii vizuri, kwa hiyo unapaza sauti. Nikamwambia kwa uchungu wa moyo: "Shemeji, hawa vicheche wawili wamenimaliza! Usiku hawanipi usingizi, mchana wamejilaza kwenye kochi langu, kilo ya nyama haioni kesho, na dada yako akirudi akaona hesabu, sijui nitaficha wapi uso!"

Sasa feriti kwa Kiswahili utamwitaje? Mnyama wa kwetu aliye karibu naye ni kicheche, ukoo wao mmoja, hata harufu wamegawana. Nilitumia neno la kamusi. Lakini pembeni ya steji yuko dada mmoja wa Tanga anayekaanga chipsi, na yeye kicheche anachokijua ni kile kingine, cha mjini, chenye lipstiki. Nilimwona ameacha mafuta yanaungua.

Neno liliondoka pale kwa boda. Saa kumi na mbili jioni mwenyekiti wa LC, yaani baraza la kijiji, kaingia, na katibu mwenye kitabu na mkoba, na mwakilishi wa akina mama, na mzee mmoja wa msikitini ambaye nilivyojua anaumwa miguu. Mimi nikadhani wamekuja kwa ajili ya harufu.

"Ssalongo," mwenyekiti akaanza taratibu, "tumesikia una wageni."

"Ninao."

"Wawili?"

"Wawili. Mtu na ndugu yake."

Mwakilishi wa akina mama akashika kifua.

"Mbona hawajaandikishwa kwenye kitabu cha kijiji?"

"Kwani na hao huandikishwa?"

"Kila anayelala hapa huandikishwa. Wanafanya kazi gani?"

Nikawaza, hii ni kodi mpya. "Kazi, mwenyekiti? Wanalala. Wakiamka wanakula, wanaiba, wanarudi kulala."

Katibu akaandika "wanaiba". Nikaona niwatetee kidogo: "Wanaiba, lakini hawauzi."

"Na Nnalongo, mkeo, anajua?"

"Anajua sana. Ndiye aliyechana khanga yake akawatandikia."

Kukawa kimya. Mzee wa msikitini akasema astaghfirullah mara tatu, kisha akaniinamia sikioni: "Mwanangu, huyu mkeo ni wa ukoo gani? Hana dada?"

"Na afya zao?" akauliza mwakilishi, sauti imepanda. "Watu wa namna hiyo wanapimwa!"

"Nimewachanja kichaa cha mbwa. Ile distempa ya mbwa imebaki."

Katibu akaacha kuandika.

"Waite watoke," akasema mwenyekiti.

"Hawaitikii majina bado. Mpaka utikise kopo."

"Banange! Anawatikisia kopo!" Mama wa watu akainuka, akatafuta pochi yake, nadhani aondoke, au anipige nayo.

Nikatikisa kopo. Likaja kundi lote, maana wawili wale wakifurahi ni kundi. Kuna ngoma yao: mgongo unapinda kama upinde, mdomo wazi, wanaruka ubavuubavu, wanagonga kochi, wanagonga meza, wanaanguka na kuinuka, na kooni wanatoa ko-ko-ko kama kuku anayetafuta pa kutagia. Ni furaha tupu, hawamdhuru mtu. Lakini hayo mweleze mzee anayeumwa miguu, ambaye tayari alikuwa amesimama juu ya kochi. Mwenyekiti alijificha nyuma ya kitabu cha kijiji. Katibu peke yake hakukimbia. Alinusa, akanusa tena, akavua kofia: "Effumbe." Yeye ni wa ukoo wa Ffumbe, fungo ndiye muziro wake, yaani mnyama wa ukoo, na kwa harufu ile aliona kabisa kwamba nimemfungia ndugu yake kwenye tundu. Nikamwambia huyu ametoka Ulaya. Akasema ndugu ni ndugu.

Katika purukushani hiyo nani alikuwa na macho ya mkoba? Mimi nilisikia tu kitu kinaburutwa sakafuni. Kato, kinyumenyume kama kawaida yake, shingo imevimba kwa kazi, anavuta muhuri wa kijiji kuelekea kabatini.

Muhuri ni mpira. Feriti na mpira ni kama mimi na firigisi.

Tulilisogeza kabati watu wanne. Mpini wa mbao tuliupata. Ule mpira wenye maandishi haukuwepo, umemenywa wote, na Kato amekaa pembeni anajilamba. Daktari wa mifugo, ambaye maisha yake yote ametibu ng'ombe, akaniambia kwenye simu kwamba mpira unaweza kuziba utumbo. Akikataa kula au akitapika nimkimbize, asipofanya hivyo nichunguze beseni kila asubuhi. Kato kula hajakataa hata dakika moja. Kwa hiyo kila alfajiri, baada ya sala, mimi mzee wa miaka hamsini na tatu nachutama kwenye kona ya sebule na kijiti na tochi ya simu, natafuta muhuri wa kijiji. Juzi zilitoka herufi mbili. Mwenyekiti amesema nizihifadhi.

Mtaa umesimama. Barua ya utambulisho bila muhuri haipokelewi popote, kwa hiyo getini kwangu asubuhi kuna foleni: wa pasipoti, wa dhamana polisi, na bibi harusi mmoja ambaye sipendi kumtazama usoni. "Ssalongo, bado?" Wengine wanamletea Kato mapapai ili mambo yaende. Nimewaambia mapapai hali. Nayala mimi.

Mama watoto alirudi kwa taksi ya kwanza asubuhi iliyofuata ujio wa mwenyekiti, kapigiwa simu na watu kumi na mmoja. Akaingia mpaka chumbani na mwamvuli mkononi. Akamkuta Kato amelala ule usingizi wao wa kifo, mtu anamwinua analegea kama soksi mbichi, ulimi nje, moyo huusikii. Mwamvuli ukaanguka, akalia kwelikweli. Mimi alinisalimia saa saba.

Na huyu kijana wa darasa la sita, sasa hivi mwalimu wake ananipigia. Lazima ni soksi, kaenda na moja. Au ni yale mahitaji ya muhula. Rimu mbili za karatasi tumepeleka. Karatasi za choo tumepeleka. Wanataka fagio mbili, ya ndani na ya uani, kwa kila mtoto. Nina watoto wawili shule hiyohiyo, fagio nne muhula huu, nne muhula uliopita. Nilifika pale siku ya kikao nikatazama uwanja: vumbi mpaka dirishani. Fagio zote hizo anakula nani?