Mkupuo mkubwa au pensheni inayofuata bei?

Tangu kikokotoo cha sasa cha mafao ya kustaafu kianze kutumika Tanzania Julai 2022 kwa wanachama wa mifuko ya pensheni ya PSSSF na NSSF, kilio kimekuwa kimoja: mkupuo, yaani sehemu ya pensheni unayolipwa yote kwa pamoja siku ya kustaafu, ni mdogo kwa asilimia 33. Bajeti ya 2024 ikaupandisha hadi 40 kwa kundi moja na 35 kwa jingine. Sawa, ila nyongeza hiyo si zawadi. Mstaafu anailipia mwenyewe.

Chukua mwalimu wa Uyole ambaye pensheni yake kamili ingekuwa sh 500,000 kwa mwezi, yaani milioni 6 kwa mwaka. Kanuni inachukua asilimia ya mkupuo katika hiyo milioni 6, kisha inazidisha mara 12.5; asilimia inayobaki ndiyo pensheni ya kila mwezi. Kwa asilimia 33 anaondoka na milioni 24.75, kila mwezi 335,000. Kwa asilimia 40 mkupuo unakuwa milioni 30, mwezi unashuka hadi 300,000. Kwa hiyo ile milioni 5.25 ya juu inamgharimu 420,000 kwa mwaka mpaka anaingia kaburini. Ni asilimia 8 ya hela hiyo kila mwaka.

Ghali? Hatifungani ya serikali ya miaka 20, yaani mkopo unaoipa serikali kupitia Benki Kuu nayo ikakulipa riba, hata baada ya riba kupunguzwa 2022 ilikuwa asilimia 12.10. Milioni 5.25 humo inazaa zaidi ya 635,000 kwa mwaka, na mtaji unarudi. Hapo wapenda mkupuo wana hoja nzito, mradi hela ifike kweli Benki Kuu kabla ndugu hawajajua imeingia. Upande wa pili nao wana lao: pensheni haikauki hata ukifikisha miaka 90.

Mimi zinanisumbua hizo 300,000 zenyewe. Mfumuko wetu wa bei siku hizi ni mpole, asilimia 3 hadi 4 hivi. Lakini kwa asilimia 4, baada ya miaka 18 hela hiyo itanunua vitu vya 148,000 za leo. Na katika kapu la Taifa la bei, lile linalopimia mfumuko, chakula kimepewa uzito wa asilimia 28 na ushee tu. Mzee anayenunua unga, mchele wa Kyela, mkaa na dawa za presha ana kapu lake, na chakula kinalijaza zaidi. Nyongeza ya pensheni huja wakubwa wanapoamua. Bei ya debe la mahindi haimsubiri mtu.

Hatifungani nayo inaugua ugonjwa huohuo, maana riba yake haipandi. Vyumba vya kupangisha wanafunzi wa MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia cha Mbeya, kule Iyunga vina nafuu: kodi hupanda na bei, ingawa likizo ndefu vinabaki vitupu na bati halijitengenezi. Misonobari ya Mufindi? Ukipanda na miaka 60, mbao nzuri utazivuna karibu na 80.

Ndiyo maana naona tunagombania tarakimu isiyo yenyewe. Mwalimu yule akibaki na asilimia 33, pensheni ikapanda asilimia 4 kila mwaka, baada ya miaka 18 angepokea kama 679,000 kwa mwezi badala ya 300,000 zilezile. Mzigo huo ni mkubwa kwa mfuko, na michango ya sasa huenda isiubebe. Wabunge wabishane nani aongeze, mwajiri, mtumishi au Hazina.