Rangi inatusaidia kuona vitu porini au inavificha?

Chukua simu yako, piga picha ya mti wenye matunda mekundu yaliyoiva, alafu ibadilishe iwe nyeusi na nyeupe. Nimefanya hivi mara nyingi na bado nashangaa kila mara. Kwenye picha ya rangi matunda unayaona palepale hata hujayatafuta, ila ukitoa rangi inabaki vurugu tu, jani moja limepigwa na jua, lingine liko kivulini, lingine limegeuka linang'aa, na tunda limezama katikati ya hayo mabaka, unabaki unakodoa macho unapita tawi moja moja.

Sasa kuna ubishi wa siku nyingi kwa watu wanaosomea mambo ya macho, kwamba hii rangi tunaihitaji kweli kuona vitu kwenye mazingira ya asili au ni pambo tu. Wa kwanza wanasema tunaihitaji sana, na sababu yao ni hiyohiyo ya mti. Chini ya majani mwanga haujatulia, kivuli na jua vinachanganyika, kwa hiyo ukitegemea weupe na weusi peke yake kila kivuli kitakudanganya. Lakini jani likiwa juani au kivulini linabaki kijani tu. Jicho la binadamu lina aina 3 za seli za rangi, moja inapokea mwanga vizuri zaidi kwenye nanomita kama 420 (nanomita ni kipimo cha urefu wa mawimbi ya mwanga), nyingine 530 na nyingine 560, na hizo mbili za mwisho zimekaribiana mno, ila ubongo unazilinganisha na hapo ndo tunapata tofauti ya nyekundu na kijani. Mbwa ana aina 2 tu, na mamalia wengi wako hivyo. Wanaotetea rangi wanasema mababu zetu waliipata hii aina ya tatu ili waone matunda mabivu, wengine wanasema hapana, ni majani machanga, maana miti mingi ya ukanda wa joto majani yake yakianza kuchipua yana wekundu. Mi naona zote mbili zina mantiki, kazi ni ileile, kutafuta kitu cha kula kwenye rundo la kijani.

Upande wa pili nao wana hoja nzito. Mwaka 1996 mtafiti Simon Thorpe na wenzake kule Ufaransa walikuwa wanawaonyesha watu picha kwa milisekunde 20 tu (milisekunde 1,000 ndo sekunde moja), mtu aseme ina mnyama au haina, na wakakuta ubongo umeshatofautisha ndani ya milisekunde 150 hivi. Baadaye, mwaka 2000, timu hiyohiyo wakaja na picha zisizo na rangi na watu wakafanya karibu sawa tu, hata tumbili nao. Yaani umbo linatosha, masikio, miguu, mgongo, ubongo haukusubiri rangi.

Hapa ndo naona watu wanapitana bila kukutana. Kwenye zile picha mpiga picha alishamtafuta mnyama, kamweka ndani ya fremu, wewe unaulizwa tu ni nini hicho. Porini hakuna aliyekuwekea fremu. Kutafuta na kutambua ni kazi mbili tofauti kabisa, na rangi ina nguvu zaidi kwenye ile ya kwanza. Kuna na kazi ya tatu, kukumbuka, ambapo utafiti wa mwaka 2002 ulikuta watu wanakumbuka picha za mazingira zenye rangi vizuri zaidi kwa asilimia kama 5 hadi 10, ila lazima ziwe rangi zake halisi, wakipaka za uongo ile faida inaondoka.

Lakini jambo linalonigusa zaidi ni pale rangi inapokuwa ndo kikwazo. Mwaka 1992 watafiti watatu wa Uingereza walitengeneza mchoro wa vijistari vingi, sehemu moja vimelala tofauti na vingine, alafu vyote wakavipaka nyekundu na kijani ovyoovyo. Watu wenye macho ya kawaida wakavutwa na zile rangi wakashindwa kuona ile sehemu, wenye upofu wa rangi, wale wanaokosa aina moja ya zile seli, wakaiona. Na si mambo ya maabara tu, mtafiti Amanda Melin na wenzake waliwafuatilia tumbili wa Costa Rica, ambao madume wote wanaona kwa aina 2 na majike baadhi wana 3, na wale wa aina 2 ndo walikuwa hodari zaidi kukamata wadudu waliofanana na majani na magome, hasa mwanga ukiwa hafifu. Kundi moja, msitu mmoja, macho tofauti, na wote wanaishi. Kama rangi ingekuwa bora kila mahali, wale wa aina 2 wangeshapotea zamani.

Ndo maana swali la "rangi inasaidia au haisaidii" mi naliona halijakamilika, lazima useme unatafuta nini, kimekaa mbele ya nini, saa ngapi, na anayeangalia ni nani. Chui milia kwetu ni rangi ya chungwa inayowaka, ila swala anayewindwa naye hana ile seli ya nyekundu, kwake chui anakaribiana na nyasi za kijani.

Na hili la saa linanipa wasiwasi kweli, kwa sababu watu wanapanda milima na jaketi jekundu wakiamini wakipotea wataonekana. Mchana sawa. Jioni jicho linahamia kwenye seli za gizani ambazo nyekundu karibu haziioni kabisa, mwanasayansi Purkinje aliligundua hili karne ya 19. Tundika nje shati jekundu na la kijani kibichi jua linapozama, kaa hapo uangalie, jekundu litageuka jeusi wakati la kijani bado unaliona.