Wigo wa Lorna Wing na mtoto mpole wa Pemba

Katika chuo kimoja cha Kurani pembezoni mwa Wete nilipata kumwona mtoto wa kike wa miaka tisa ambaye maalim wake humsifu kwa kila mgeni. Amehifadhi juzuu ya Amma yote, hukaa pale pale anapokalishwa, hagombani na mtu wala hachezi na mtu. Mwenzake akimshika mkono kumpeleka kunawa, huenda. Mwenzake akimwacha njiani, husimama papo hapo mpaka afuatwe. Nilipomuuliza jina lake, alinirudishia swali langu kama lilivyo, kwa sauti ile ile niliyoulizia. “Huyu mpole mno,” maalim akasema, na wazee waliokaa barazani wakaitikia kwamba hivyo ndivyo watoto wa zamani walivyokuwa.

Mtoto kama huyu Lorna Wing angemtambua. Daktari huyo wa maradhi ya akili, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1928 na kufariki mwaka 2014, alitumia sehemu kubwa ya umri wake kuonyesha kwamba usonji (autism kwa Kiingereza), hali inayogusa namna mtu anavyohusiana na kuwasiliana na watu, ni mpana kuliko ulivyoandikwa vitabuni. Ndiye aliyeueneza kwa wataalamu ule mtazamo kwamba usonji una sura nyingi, nzito na nyepesi, ambao kwa Kiswahili tumeuita wigo wa usonji. Hapa nastaajabu kidogo, maana wigo ni ua, na tumelichukua neno la ua kutajia wazo ambalo kazi yake ilikuwa kuubomoa. Hata hivyo wapo wanaoona kwamba ua ule haukupaswa kubomolewa wote, na hoja zao si za kupuuzwa.

Tuanze na hali aliyoikuta. Mwaka 1943 Leo Kanner, akiwa Baltimore nchini Marekani, aliandika habari za watoto 11 waliojitenga mno na watu, wenye kushikilia mambo yabaki vile vile bila ya kubadilika, na ambao wengine wao walijitaja kwa “wewe” badala ya “mimi”. Kwa miaka mingi usonji ukawa ni hao tu na wanaofanana nao. Victor Lotter alipowahesabu watoto wa miaka 8 hadi 10 katika eneo la Middlesex, miaka ya 1960, alipata kiasi cha 4.5 katika kila 10,000. Katika miaka hiyo hiyo wasomi wenye sauti kubwa, Bruno Bettelheim wa Chicago akiwa mmoja wao, waliutupia ubaridi wa wazazi, na hasa wa mama, lawama ya hali ya mtoto. Wing alikuwa daktari, na alikuwa pia mama wa binti mwenye usonji, Susie. Mwaka 1962 alikuwa miongoni mwa wazazi walioanzisha jijini London jumuiya ambayo leo inaitwa National Autistic Society.

Wako waliosema kwamba mzazi hawezi kuwa mtafiti mwadilifu wa hali ya mwanawe mwenyewe. Mimi siioni nguvu ya hoja hiyo. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na uchungu huo ndio uliomfanya Wing aulize yale ambayo wasiokuwa na mtoto nyumbani hawakuyauliza. Lililobaki ni kuangalia kama aliyapima kwa haki.

Aliyapima Camberwell, kusini mwa London, pamoja na Judith Gould, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 1979. Badala ya kushika maelezo ya Kanner mkononi na kwenda kuwatafuta wanaolingana nayo, waliwachukua watoto wa eneo hilo waliokwisha kujulikana na huduma za watoto wenye mahitaji maalumu, wakatazama mambo matatu: kuhusiana na watu, kuwasiliana, na kucheza kwa kubuni. Waliolingana na Kanner walikuwa karibu 5 katika kila 10,000, kama vile Lotter alivyokuta. Lakini waliokuwa na upungufu wa aina ile katika kuhusiana na watu walikuwa kiasi cha 21. Wengine walijitenga kabisa. Wengine walijipeleka kwa watu, lakini kwa namna isiyo ya kawaida. Na wengine hawakumkimbia mtu wala kumwendea mtu, walikwenda walikopelekwa. Mwaka 1981 Wing aliandika makala yaliyolifanya jina la Hans Asperger, daktari wa Vienna, lijulikane katika dunia inayosoma Kiingereza, na humo akaeleza kwamba hata watoto wenye maneno mengi na akili nzuri wamo katika jamii hiyo hiyo moja.

Faida ya upana huu haihitaji maneno mengi. Mtoto aliyekuwa akiitwa mkaidi au mvivu alipata maelezo, na mama yake akavuliwa lawama. Na sisi Waafrika tuna sababu yetu ya pekee ya kuushukuru: Lotter huyo huyo alizunguka miji ya nchi kadhaa za Afrika katika miaka ya 1970 akitafuta watoto wenye usonji, akawapata wachache mno. Yapo mengi ya kusemwa juu ya sababu zake, lakini anayetafuta kwa kipimo chembamba, tena miongoni mwa watoto waliokwisha kufikishwa mahospitalini na kwenye taasisi, hawezi kumkuta mtoto mpole aliyeketi chuoni anasoma.

Upande wa pili nao una uzito. Mwaka 2013 mwongozo wa Marekani wa utambuzi wa maradhi ya akili uliyaweka majina yote, la Asperger likiwamo, chini ya jina moja la usonji. Miaka mitano baadaye mwanahistoria Herwig Czech alionyesha kwa nyaraka kwamba Asperger alishirikiana na mfumo wa Wanazi uliowaua watoto wenye ulemavu, na baada ya hapo wachache walililia jina lake. Ila tatizo la jina moja lilibaki. Ripoti ya Marekani iliyotolewa mwaka 2025 inataja mtoto 1 katika kila 31 wa miaka minane. Katika idadi hiyo yumo atakayekuwa mhandisi na yumo asiyesema neno, anayejipiga kichwa ukutani, ambaye mama yake hajalala usiku mzima. Wazazi wa huyu wa pili wanalalamika kwamba kila usonji unapozungumzwa hadharani, anayezungumza ni yule wa kwanza, na utafiti nao huwaendea zaidi wanaoweza kujibu maswali. Neno lililopanuliwa mno, wanasema, huishia kutomwambia mwalimu wala daktari kitu cha kufanya.

Mizani hiyo, ikiletwa visiwani, haikai kama inavyokaa London. Nikianza na vipimo vyenyewe: orodha za maswali zinazotumika kumtambua mtoto huuliza kama anamtazama mtu machoni. Mtoto wetu aliyelelewa vizuri huinamisha macho mbele ya mkubwa, akatoa shikamoo yake akiwa anatazama vidole vya miguu. Akihesabiwa kwa hilo, nusu ya Pemba itakuwa na usonji. Kinyume chake, yule mtulivu aliyeelezwa na Wing hapa hupita bila kuonekana, kwa kuwa tunachokitaka kwa mtoto, na zaidi kwa wa kike, kinafanana mno na dalili zake. Lugha nayo ina siri yake. Kule kugeuza “mimi” na “wewe” kwetu hakujitokezi kwa neno zima. Hukaa katika silabi moja, “nataka” au “unataka”, na mkubwa asiyesikiliza kwa makini atadhani mtoto anamkaribisha chai, kumbe anaiomba.

Wa mwisho kabisa katika wigo, yule asiyesema neno, hana wa kumkosa, maana jirani wote wanamjua. Yeye amekwisha kunyweshwa kombe, amevishwa hirizi, amesomewa. Na sisemi haya kwa kubeza, kwani familia ya Micheweni inayotaka mtaalamu huenda ikalazimika kuvuka bahari mpaka Unguja, na dua iko nyumbani. Anachokikosa ni mtu wa kumfundisha kuomba maji, kwenda msalani, kuvumilia kelele za harusi. Tukitumia nguvu zetu zote kulitangaza neno, na mikutano ikajaa habari za wenye vipaji vya hesabu na kuhifadhi, huyu atabaki uani kama zamani, isipokuwa sasa atakuwa na jina.

Kwa hiyo nauona upande wa Wing kuwa na haki katika kutafuta, na wapinzani wake kuwa na haki katika kuhudumia. Mlango wa kuingilia uwe mpana, ili mpole wa chuoni asikoswe. Lakini karatasi anayotoka nayo isiishie kwenye neno usonji. Iandikwe anasema maneno mangapi, anakula nini, nini kinamtisha, nani anamlaza. Wing mwenyewe hakuwa mbali na hapo: mahojiano marefu aliyoyatunga na Gould kwa ajili ya wazazi yanamfuata mtoto tangu uchanga wake, na yanakusudia kupata picha ya mahitaji yake pamoja na jina la hali yake. Hilo ndilo ambalo waliolibeba neno lake wengi wamelisahau njiani, na skuli zetu, zinazopokea watoto hawa kwa jina la elimu mjumuisho katika madarasa yaliyojaa, zinalihitaji kuliko cheti.

Maalim yule wa Wete hajui habari za Camberwell. Tulipokuwa tunaagana mtoto alimjia, akasimama karibu naye bila ya kumtazama, akasema, “Unataka maji.” Maalim akachota kata mtungini, akampa, na huku anampa akamwambia polepole, “Nataka maji. Sema: nataka maji.” Akaniambia amekuwa akifanya hivyo tangu mfungo wa Ramadhani uliopita, na kwamba mara mbili, mtoto akiwa peke yake, amemsikia akisema hivyo sawasawa.